Barua mia mbili kwa mpigo: maswali tunayoulizwa kila wiki kuhusu kutuma barua nyingi kwa posta ya Marekani

Nafanya kazi kwenye duka la uchapaji katika jimbo la Maine. Wateja wetu wengi wanaongea Kiswahili: makanisa ya Wakongomani, misikiti, maduka ya vyakula, ofisi za kujaza kodi, vyama vya kuzikana. Maswali ni yale yale, na kwenye simu jibu huwa refu kuliko subira ya mtu, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Bei sijaziweka kwa makusudi. Posta hubadilisha bei mara kwa mara, na bei ya zamani ikibaki kwenye ukurasa huleta ugomvi dukani.

Kwa nini posta inanipunguzia bei nikituma nyingi? Kuna ujanja gani hapo?

Hakuna ujanja. Unalipwa ujira wa kazi uliyoifanya kabla ya kufika posta.

Fikiria barua moja uliyoitia kwenye kisanduku cha mtaani. Mashine huigeuza ikae sawa, huigonga muhuri, huipiga picha na kusoma anwani, kisha huichapa msimbopau ili mashine zinazofuata ziitambue. Kompyuta ikishindwa kusoma mwandiko, picha ya bahasha hutokea kwenye skrini ya mfanyakazi, kwa mfano kituo cha Salt Lake City huko Utah, naye huicharaza anwani kwa mkono. Hizo zote ni gharama.

Sasa wewe unakuja na barua ambazo tayari zina msimbopau, zimepangwa kwa namba za ZIP (namba za eneo, zile za mwisho wa anwani) na zimo kwenye trei zenye lebo. Posta inaingia kazini katikati ya safari. Sheria nyingi zilizoko hapa chini zinatokana na hilo, kwa hiyo ukikutana na sharti linalokukera, jiulize bila hilo sharti kazi ingemwangukia nani.

Zinatakiwa barua ngapi?

Kwa daraja la USPS Marketing Mail (USPS ndiyo posta ya Marekani), angalau 200, au mzigo wa ratili 50. Kwa First-Class ya kibiashara, angalau 500. Marketing Mail ni ya matangazo, mialiko ya jumla, majarida ya kanisa, maombi ya michango. Bili na taarifa za akaunti za mtu binafsi haziruhusiwi humo. Hizo ni za First-Class.

Orodha yetu ina watu 185. Tufanyeje?

Ongeza watu. Anza na wajumbe wa kamati, halafu weka anwani yako mwenyewe na ya shemeji yako anayekaa mji mwingine. Hao watakuambia barua imefika siku gani na ikiwa katika hali gani, maana mteja wa kawaida hapigi simu kusema kadi yenu imefika imechanika.

Ukubwa wa kadi au bahasha una shida gani? Si karatasi tu?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Barua ya kupita kwenye mashine iwe na urefu wa inchi 5 hadi 11½, kimo cha inchi 3½ hadi 6⅛, na unene usiozidi robo inchi. Wengi wanayajua hayo. Wasichokijua ni uwiano. Chukua urefu, gawa kwa kimo; jibu liwe kati ya 1.3 na 2.5. Likitoka nje ya hapo, mashine haiwezi kuishika barua vizuri nawe unatozwa bei ya barua isiyopita mashineni.

Jaribu mwenyewe. Kadi ya inchi 6 kwa 9: tisa kwa sita ni 1.5, safi. Kadi ya 4 kwa 9: 2.25, safi. Kadi nyembamba ya 3½ kwa 9, ile wanayoipenda wenye saluni: 2.57, imekataliwa. Na kadi ya mraba jibu lake ni 1 siku zote.

Niliwahi kuletewa kadi za mraba, inchi 6 kwa 6, za kuadhimisha miaka kumi ya kanisa. Kadi nzuri mno, kwaya nzima imevaa vitenge vya aina moja, rangi zimekolea. Zilikuwa zimeshachapwa kwingine, maboksi yamejaa nyuma ya gari. Mchungaji aliniangalia nikiweka rula juu ya kadi ya kwanza na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo. Walizituma hivyo hivyo kwa bei ya juu, na fedha waliyokuwa wameitenga kwa keki ikaenda kwenye stempu.

Posta ina wataalamu wa kukagua muundo wa barua kabla haijachapwa, na huduma hiyo ni bure. Watumie. Unapeleka faili la mchoro, nao wanakuambia pa kurekebisha.

Nataka kadi yangu isimame wima, anwani iandikwe upande mfupi. Inakubalika?

Inafika, ila kwa bei ya juu. Kwa posta, urefu ni ule upande unaokwenda sambamba na anwani. Anwani ikiandikwa sambamba na upande mfupi, barua inahesabiwa kuwa haipiti mashineni. Picha upande wa mbele isimame wima upendavyo. Upande wa anwani ulale.

Anwani yenyewe iandikweje?

Mashine husoma kutoka chini kwenda juu. Inaanza na mji, jimbo na ZIP, inapanda kwenye mtaa na namba ya nyumba, na jina la mtu haina haja nalo sana. Ndiyo maana mstari wa mwisho kabisa lazima uwe wa mji, na chini yake pasiwe na kitu: simu, tovuti, "Mungu akubariki", vyote vihamie kwingine.

Posta inapendelea hivi (anwani ni ya kubuni):

NEEMA JUMA
000 MFANO ST APT 4B
LEWISTON ME 04240

Herufi kubwa, bila koma wala nukta, mistari yote ianzie kushoto pamoja. Jimbo ni herufi mbili. Namba ya fleti ikae mstari mmoja na mtaa. Ikikosa nafasi, ipande mstari wa juu, isishuke chini. Chagua herufi za kawaida zisizo na mikia, pointi 10 hadi 12. Herufi za mlazo na zile za kadi za harusi weka kwenye salamu ndani.

Kwa ndugu zetu waliotoka Kongo: kule mtu huandika avenyu, kata na komyuni, kila kimoja kwa mstari wake na namba popote inapopata nafasi. Hapa namba hutangulia jina la mtaa. Halafu kuna ile 1 ya shule zetu, yenye mkono mrefu unaopanda kabla ya kushuka. Mmarekani anaisoma 7, na mashine huweza kuteleza vilevile. Kama bado mnaandika bahasha kwa mkono, angalieni hilo.

Mtu ana sanduku la posta na ana nyumba. Niandike zote mbili?

Andika moja. Ukiziandika zote, barua inakwenda kwenye ile iliyo juu tu ya mstari wa mji. Nyumbani tumezoea S.L.P. kuwa ndiyo anwani, na Mkenya huiunganisha na postikodi kwa kistari, namba ya sanduku halafu 00100 ya Nairobi. Hapa usiunganishe. PO BOX na namba yake hukaa kwenye mstari wake, ZIP hukaa baada ya jimbo.

Kwa nini ZIP za wateja wangu zina tarakimu nne?

Ni Excel. ZIP zote za Maine zinaanza na sifuri, na za Massachusetts, Connecticut na New Jersey vilevile. Excel ikidhani ile ni hesabu, inaifuta sifuri: 04240 inakuwa 4240. Badilisha safu hiyo iwe ya maandishi kabla hujaanza kuingiza namba. Programu yetu huzirudisha nyingi, lakini orodha iliyokwisha kupita kwenye kompyuta tatu za wanakamati huwa na vidonda vingine pia.

Majina yenye ritifaa, kama Ng'ang'a, yanaharibu chochote?

Kwenye mashine, hapana. Kwenye orodha, ndiyo. Ritifaa iliyopinda, ukihamisha faili kutoka programu moja hadi nyingine, inaweza kugeuka kuwa herufi tatu za ajabu, na mzee wa watu anapokea mwaliko wenye jina lisilosomeka. Tumia ritifaa iliyonyooka, au utupe faili la Excel lenyewe bila kuligeuza.

Tatizo kubwa la majina yetu liko kwingine. Linakuja swali linalofuata.

Kwa nini mnasisitiza kusafisha orodha? Ni watu wangu, nawajua.

Unawajua watu. Wanakoishi leo ni habari nyingine.

Masharti ni mawili. La kwanza, kila anwani ipitishwe kwenye programu iliyoidhinishwa na posta, mfumo uitwao CASS, unaoilinganisha na anwani halisi zilizopo na kuongeza zile tarakimu nne za mwisho wa ZIP. Kwa punguzo la mashine, kazi hiyo iwe imefanyika ndani ya siku 180 kabla ya kutuma. La pili, orodha ilinganishwe na kumbukumbu za watu waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Kumbukumbu hizo zinaitwa NCOA, na faili lake kamili lina taarifa za uhamaji za miezi 48.

Sasa majina. NCOA hailinganishi anwani peke yake, inalinganisha jina pamoja na anwani ya zamani. Mtu alipohama alijaza fomu kama Juma Hamisi. Kwenye orodha ya msikiti yumo kama Hamisi Ally Juma, au Baba Zuwena. Mkongomani ana majina matatu na hakuna anayejua kwa hakika lipi posta imelihesabu kuwa la ukoo. Matokeo ni kwamba aliyehama miaka miwili iliyopita anaonekana bado yupo. Kwa hiyo andikeni jina kama lilivyo kwenye leseni ya udereva, la kwanza na la ukoo katika safu mbili tofauti. Majina ya heshima wekeni safu ya tatu, tutayachapa kwenye salamu.

Huo msimbopau ni nini? Naweza kuuchapa mwenyewe?

Ni vile vijistari 65 vilivyojipanga juu au chini ya anwani, vingine virefu, vingine vifupi, vingine vimening'inia. Kila kijistari kina hali moja kati ya nne. Kwa pamoja vinabeba hadi tarakimu 31: aina ya huduma, namba ya mtumaji, namba ya barua yenyewe, na ZIP hadi nyumba. Jina lake ni Intelligent Mail. Tangu Januari 2013 ule msimbo wa zamani wa POSTNET hauleti tena punguzo.

Kuuchapa mwenyewe unaweza. Namba ya mtumaji hutolewa bure kwenye tovuti ya posta ya wafanyabiashara. Lakini utahitaji programu ya kupanga na printa inayochapa safi. Kwa barua 300 mara mbili kwa mwaka, nakwambia ukweli ingawa nafanya kazi dukani: gharama ya programu itameza punguzo lote. Kwa barua elfu kadhaa kila mwezi, hapo piga hesabu.

Karatasi ya kung'aa na rangi nyeusi ni sawa?

Upande wa picha, weka unachotaka. Upande wa anwani acha mahali peupe pasipo na mng'ao. Wino wa mashine nyingi za kuchapa anwani haukauki upesi kwenye karatasi inayong'aa. Tunachofanya ni hiki: tunachapa kadi moja, tunahesabu hadi kumi, kisha napitisha kidole gumba juu ya msimbopau. Kidole kikitoka cheusi, kazi inasimama. Kidole kikavu ndicho ruhusa.

Maandishi meupe juu ya rangi nyeusi, au meusi juu ya nyekundu iliyokolea, mashine inayaona kama ukuta. Na kona ya chini kulia, urefu wa inchi 4¾ kutoka ukingo wa kulia na kimo cha inchi ⅝ kutoka chini, pasichapwe chochote. Hapo ndipo posta huchapa msimbo wake ikihitaji. Wabunifu wanapenda sana kuweka nembo za Facebook na WhatsApp kwenye kona hiyo.

Kadi zetu zilirudi ofisini kwetu zenyewe. Tumerogwa?

Anwani yenu ilikuwa chini. Mteja mmoja alituma kadi kwa stempu za kawaida, bila msimbopau. Anwani ya duka imechapwa kwa herufi nono mwisho wa kadi, ya mpokeaji iko juu yake kwa herufi ndogo. Mashine inasoma kutoka chini. Ikaona anwani nzuri, kamili, yenye ZIP, ikazipeleka hapo. Mtu wa posta alizileta zikiwa zimefungwa kwa mpira, kana kwamba ni barua za mteja mzuri. Anwani ya mtumaji ikae juu kushoto, na iwe ndogo kuliko ya mpokeaji.

Bahasha ya dirisha?

Inafaa, ila ijaribu. Tia barua ndani, gonga bahasha mezani upande wa chini, kisha wa kushoto, kisha wa kulia. Kila mara anwani na msimbopau vibaki vinaonekana vyote, na pembeni ya msimbopau ibaki angalau ⅛ ya inchi. Karatasi ikicheza mpaka tarakimu ya mwisho ya ZIP inajificha, kunja upya au badilisha bahasha.

Kipeperushi cha kukunja kinahitaji bahasha?

Hapana, ila kinahitaji kufungwa kwa stika, na stepla ni mwiko. Mkunjo wa mwisho uwe chini, au kulia kwa anwani, ili ukingo uliokunjwa ndio utangulie mashineni. Kimo kisizidi inchi 6, urefu usizidi 10½. Kipeperushi chepesi, hadi aunsi moja, kinatosheka na stika mbili za inchi moja. Kizito kinahitaji stika pana zaidi. Ukiona stika inachanika ukiivuta kidogo, jua mikanda ya mashine itaichana pia. Barua hupita hapo karibu kumi kwa kila sekunde.

Naweza kutia kalamu au kishikio cha funguo ndani ya bahasha?

Kalamu kwenye bahasha ya kawaida hutengeneza nundu, mikanda inaibana, bahasha inapasuka na kalamu inabaki ndani ya mashine. Kwa hiyo bahasha yenye nundu hutozwa bei nyingine. Mwaka jana mtu aliuliza kuhusu tende tatu za Ramadhani kwenye kila kadi. Tulicheka wote, yeye pia, kisha akakubali kuzigawa msikitini.

Sisi ni shirika lisilo la faida. Bei yetu ni ya chini, sivyo?

Inaweza kuwa, lakini haiji yenyewe. Barua ya 501(c)(3), ile ya mamlaka ya kodi inayolitambua shirika lisilo la faida, haitoshi. Unaomba posta kwa Fomu 3624, unaambatanisha hati zako, unasubiri idhini. Jina la shirika lazima lionekane kwenye barua. Na tafadhali, muumini anayeuza bima asipewe kibali cha kanisa cha bei hiyo atangazie biashara yake. Posta hukagua yaliyomo, na wakigundua mtadaiwa tofauti ya bei.

Nikimaliza, napeleka posta yoyote?

Hapana. Unapeleka kwenye ofisi ya kupokea barua za kibiashara, pale kibali chako cha kutuma kwa punguzo kilipofunguliwa, pamoja na hati ya malipo. Barua ziwe kwenye trei za posta (trei ni bure, uliza), zote zitazame upande mmoja, kwa mpangilio ambao programu imeutoa. Zikifika 150 za ZIP moja zinapata trei yake na bei nzuri zaidi. Usizichanganye tena baada ya kuzipanga. Naongea kwa uchungu: kuna trei moja ilianguka ngazini kwetu, na kuipanga upya kulikula mchana mzima.

Sina orodha yoyote, nataka tu mtaa mzima ujue duka limefunguliwa.

Hiyo ni EDDM (Every Door Direct Mail), yaani barua kwa kila mlango. Huhitaji majina, huhitaji msimbopau, wala kibali ukipitia dirisha la posta ya kawaida. Unachagua njia za mtu wa posta kwenye ramani, na kila nyumba ya njia hiyo inapata. Kiwango ni 200 hadi 5,000 kwa siku kwa kila ZIP. Kadi lazima iwe kubwa kuliko barua ya kawaida, kwa mfano kimo kinachozidi inchi 6⅛, na mnazifunga mafungu ya 50 hadi 100. Kwa mgahawa mpya naona ndiyo njia bora kuliko zote. Kwa kanisa linalotafuta Wakongomani 200 walio kwenye mji mzima, ni kutupa fedha.

Zisizofika zinakwenda wapi?

Za First-Class hupelekwa anwani mpya au hurudishwa. Za Marketing Mail, kama hukuchapa maelekezo, hutupwa nawe huambiwi. Ukitaka zirudi, chapa maneno Return Service Requested chini ya anwani yako, kwa Kiingereza hicho hicho, ukijua kwamba kila inayorudi unailipia. Mimi hushauri kufanya hivyo mara moja kwa mwaka.

Mwaliko wa harusi je?

First-Class. Marketing Mail husubiri nafasi, na bwana harusi hasubiri.

Punguzo hili linafanya kazi nikituma Dar es Salaam au Bukavu?

Hapana, ni la anwani za ndani ya Marekani.

Nilete nini dukani?

Orodha kwenye Excel na faili la mchoro kabla hujachapa. Kama umeshachapa, ingia na kadi moja tu kwanza, tuipime kwa rula. Maboksi yaache kwenye gari.